Kuifufua Honda CG125 ya Zamani Nyumbani: Iwake Kwanza, Ipendeze Baadaye

Pikipiki yangu ya kwanza kuifufua ilikuwa ya baba mdogo, bwana shamba mstaafu wa Muheza. Ilikuwa imelala kwenye banda la kuku miaka 11, na tetea mmoja alikuwa amezoea kutagia juu ya siti, pale sponji ilipobonyea. Nilipoiomba, baba mdogo alicheka. "Chukua mwanangu, ila huyo kuku utaongea naye mwenyewe." Nikaipakia kwenye kirikuu mpaka Tanga mjini, na wiki hiyohiyo nikafanya kosa la kwanza: nilinunua rangi.

Tangi likapigwa rangi nyekundu, likang'aa, majirani wakaja kulitazama. Miezi miwili baadaye, injini ilipowaka kwa mara ya kwanza, petroli ikaanza kudondoka kutoka kwenye kitundu cha kutu kisichozidi ncha ya sindano, ikababua rangi yote ya upande ule. Tangu siku hiyo utaratibu wangu haubadiliki: pikipiki iwake ikiwa chafu, sura yake tutaishughulikia baadaye. Hatua zinazofuata zimepangwa hivyo.

Naandika kuhusu Honda CG125 kwa sababu ndiyo ninayoijua, na kwa sababu ukiinama kijiweni kuangalia injini za bodaboda, nyingi unazoziona ni wajukuu zake. Honda waliitoa katikati ya miaka ya 1970 baada ya kuona jinsi pikipiki zao zinavyoteswa kwenye nchi za barabara mbovu: mzigo kupita kiasi, oili isiyobadilishwa, chujio la hewa lililotupwa kichakani. CB125 iliyoitangulia ilikuwa na kemshafti (mhimili unaofungua valvu) juu kwenye hedi, yaani kichwa cha injini, ikizungushwa kwa cheni, na ilidai oili safi ipande mpaka huko. Kwenye CG kemshafti ikateremshwa chini karibu na krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), ikazungushwa kwa gia, na valvu zikawa zinasukumwa kwa fito mbili ndefu. Hakuna cheni ya taimingi ya kulegea. Mwaka 1976 ikawa pikipiki ya kwanza ya Honda kuundwa Brazil, kwenye kiwanda cha Manaus, na mtu aliyeitangaza alikuwa Pelé. Pakistan wanaiunda mpaka leo. Wachina nao wakauchukua mchoro wake wakaujaza dunia nzima.

Kwa mfufuaji hiyo ni neema. Gasketi, pistoni, sahani za klachi na kabureta hutaagiza Japani. Vipo duka la mtaa wa pili. Ila mjukuu si babu, na tofauti zao zinakula pesa ya asiyepima. Nitazieleza zikifika.

Hatua ya 1: Karatasi kabla ya spana

Kabla hujatoa hata shilingi, taka kadi ya usajili (Kenya ni logbook), kisha linganisha namba za kwenye karatasi na zilizogongwa kwenye chuma. Namba ya chesisi iko kwenye shingo ya fremu chini ya usukani, ya injini iko ubavuni mwa injini. Pitisha brashi ya waya taratibu, mwagia mafuta ya taa, mulika na tochi kwa pembeni. Namba iliyosuguliwa au yenye tarakimu moja iliyokaa upande, mshukuru muuzaji uende zako. Huo si wizi wa kwako, usiubebe.

Tatizo la kawaida zaidi ni jina. Pikipiki nyingi za zama hizo bado zina jina la marehemu. Hapo mirathi ikamilike kwanza, ndugu wakubaliane kwa maandishi, ndipo umiliki uhamishwe TRA (mamlaka ya mapato), au NTSA (mamlaka ya usafiri) kwa walioko Kenya. Nimeona watu wametumia mwaka mzima kufufua pikipiki, halafu shemeji akatokea na madai yake siku ilipoanza kung'aa. Na ukija kubadilisha injini au rangi, peleka taarifa ili kadi isomeke sawa na kitu chenyewe.

Hatua ya 2: Banda na vifaa

Huhitaji gereji ya kifahari. Sakafu ngumu, taa nzuri, dirisha linalopitisha upepo na mlango unaofungwa vinatosha. Spana na soketi utakazotumia karibu kila siku ni 8, 10, 12, 14, 17 na 19. Ongeza mita ya umeme, fila geji (visahani vya kupimia nafasi ndogo), venia (kipimo cha unene na kipenyo) hata ya bei nafuu, na spana ya toku (inayopima nguvu ya kukaza) ya kuazima kwa siku ya kufunga hedi.

Kifaa ambacho wengi hukikosa ni bisibisi sahihi. Skrubu za nyota za Kijapani zina mkato wao, unaoitwa JIS. Bisibisi ya nyota ya kawaida huingia lakini haikai hadi chini. Ukikaza mkono inapanda na kuuchonga mdomo wa skrubu. Ndiyo maana vifuniko vya injini vya Honda za zamani vina alama za patasi kila mahali. Tafuta bisibisi yenye maandishi ya JIS, na bisibisi ya kugonga kwa nyundo kwa zile zilizong'ang'ania. Mwagia oili ya kupenyeza usiku, fungua asubuhi. Skrubu ikishachongeka, usirudishe. Weka boliti za funguo ya L za milimita 6, zenye urefu uleule.

Kuhusu urefu: skrubu za kifuniko kimoja hazilingani. Chora umbo la kifuniko kwenye boksi la maziwa, toboa matundu, chomeka kila skrubu mahali pake. Vitu vidogo vya kabureta na roka (vikono vinavyobonyeza valvu) vitunze kwenye trei za mayai, na kila kitundu kiandikwe. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa, hasa njia za nyaya na kebo. Utaniona mpuuzi sasa, baada ya miezi mitatu utanikumbuka.

Hatua ya 3: Usipige kiki

Mguu utakuwasha. Uzuie. Injini iliyolala miaka ina kutu kwenye ukuta wa silinda, na ringi za pistoni zinaweza kuwa zimeshikana nao. Kiki ya hasira itavunja ringi au kung'oa meno ya gia ya kiki, na hapo umegeuza kazi ya siku moja kuwa ya mwezi.

Toa plagi. Mimina ndani mchanganyiko wa dizeli na oili ya giaboksi za otomatiki, kama vijiko vinne vya chai, uache siku tatu mpaka wiki. Kisha weka gia kubwa kabisa, nyanyua gurudumu la nyuma, lizungushe kwa mkono mbele na nyuma, kidogokidogo. Gurudumu linakupa nguvu ya polepole ambayo mguu hauna. Likianza kuzunguka, endelea kulicheza, ongeza mchanganyiko, iache ilale siku nyingine. Ikigoma kabisa, hedi itafunguliwa na silinda itatolewa kwa ustaarabu. Nyundo hapana.

Hatua ya 4: Iwashe ikiwa chafu

Lengo hapa ni dakika tano tu za mlio. Dakika hizo ndizo zitakazokuambia ununue nini.

Mwaga oili ya zamani, iache itiririke hadi ikome, uiangalie juani. Vipande vya chuma vinavyong'aa ni habari mbaya. Ute wa rangi ya maziwa ni maji. Weka oili mpya ya 10W-40, kama lita moja, uhakikishe kwa kijiti. Chagua iliyoandikwa JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi za pikipiki. Klachi ya pikipiki hii inaogelea ndani ya oili hiyohiyo ya injini, na oili nyingi za magari zina viungo vya kupunguza msuguano ambavyo huifanya klachi iteleze.

Cheche ndiyo inayofuata. Plagi ya CG ni NGK D8EA, pengo la milimita 0.6 hadi 0.7. Iweke kwenye kofia yake, iegemeze kwenye chuma cha injini, mbali na tundu la silinda, upige kiki taratibu. Cheche ya buluu yenye mlio inatosha. Kama haipo na pikipiki yako ni ya platini (swichi ndogo inayofunguka na kufunga ili kutoa cheche), platini ndiyo mshukiwa wa kwanza. Kwa miaka ya kulala hushika utando. Pitisha msasa laini kabisa, futa kwa karatasi nyeupe yenye petroli mpaka itoke safi, pima pengo likiwa wazi kabisa: milimita 0.3 hadi 0.4. Cheche ya njano na platini zinazotoa moto ni dalili ya kondensa iliyochoka, kile kikopo kidogo cha umeme kinachozilinda platini.

Tangi liache kwanza. Tundika chupa ya plastiki yenye mpira wa petroli juu kidogo ya kabureta, na ndani yake petroli ya glasi moja, isizidi. Iwe mbali na plagi na ekzosi, na ndoo ya mchanga iwe karibu.

Pima mgandamizo kabla ya kuwasha, kama una geji. Injini yenye afya hutoa bari 10 hadi 12. Ikisoma kidogo, mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Namba ikipanda, ringi au silinda vimelika. Isipopanda, hewa inapitia kwenye valvu. Jaribio hilo la kijiko limeniokolea pesa kuliko kifaa chochote ninachomiliki.

Ikiwaka, sikiliza na utazame. Moshi wa buluu usiokoma ni oili inayoungua. Mweusi ni petroli nyingi. Mweupe wa dakika ya kwanza ni unyevu, uache uishe. Mlio mwembamba wa cherehani kutoka juu ni valvu, hurekebishwa. Mlio mzito wa kugonga kutoka chini, unaozidi ukivuta mafuta, ni beringi ya konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krenki), na huo ni mfuko mwingine kabisa. Kama chini kumetulia, usikufungue. Vijana wengi hufungua injini nzima "kwa usalama", wanafunga ikiwa mbaya kuliko walivyoikuta.

Hatua ya 5: Tangi na kabureta

Pwani yetu ina chumvi hewani, hivyo tangi la Tanga si kama la Iringa. Njia ninayoipenda ni umeme na magadi. Ziba matundu yote, jaza maji, changanya magadi kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita 3 au 4. Ning'iniza kipande cha nondo katikati ya tundu la kujazia, kisiguse tangi popote. Kipande cha tyubu ya baiskeli kinafaa kukishikilia. Chaja ya betri ya volti 12: waya hasi kwenye tangi, chanya kwenye nondo. Ukigeuza, utakula tangi badala ya nondo. Baada ya saa chache povu la kutu litapanda. Toa nondo, isugue, irudishe, mpaka siku nzima ipite.

Makatazo mawili. Usitumie chuma cha pua badala ya nondo, kwa kuwa huacha kwenye maji sumu ya kromiamu. Na povu lile lina haidrojeni, kwa hiyo fanyia nje, sigara iwe mbali, na chaja izimwe ukutani kabla ya kuchomoa waya.

Asiye na chaja atumie siki au asidi ya limao ya unga kwa siku mbili tatu, kisha asuuze na maji ya magadi ili asidi ife. Vyovyote vile, tangi likishasuuzwa likauke upesi kwa upepo wa joto wa draya ya nywele, umwagie petroli yenye oili kidogo ulitikise. Ukiliacha na unyevu usiku mmoja, kutu itakuwa imerudi asubuhi.

Kutu ikitoka ndipo matundu huonekana. Kuyaziba ni kazi ya fundi wa gesi mwenye uzoefu, na tangi lililowahi kubeba petroli lisisogelewe na moto kabla halijaoshwa kwa sabuni na maji ya moto na kujazwa maji mpaka karibu na tundu lenyewe. Mvuke unaobaki ndani ya tangi "tupu" unatosha kuua mtu. Fundi akisema hakuna haja, tafuta fundi mwingine.

Kabureta ifunguliwe juu ya sinia. Kabla ya kuchomoa skrubu ya hewa, ikaze mpaka iguse huku ukihesabu mizunguko, uandike. Jeti zisafishwe kwa petroli na uzi mmoja wa waya wa shaba. Waya wa chuma hupanua tundu, na tundu likipanuka hakuna tena kipimo. Ukirudisha, anza na skrubu ya hewa mzunguko mmoja na nusu kutoka mwisho. Kama mwili wa kabureta umeliwa na ukungu mweupe, nunua PZ26, ile ya bodaboda za 125. Itakaa, lakini jeti zake si lazima ziwe za kwako: endesha kilomita chache, toa plagi uitazame. Kahawia ni heri, nyeusi ya masizi ni mafuta mengi, nyeupe ni machache, na nyeupe ndiyo inayoua pistoni.

Hatua ya 6: Sehemu ya juu ya injini

Fungua hedi kama kipimo cha mgandamizo kimesema hivyo tu. Weka pistoni juu, alama ya T ya flaiwili (gurudumu zito la kwenye ncha ya krenki) ikilingana na alama ya kwenye injini, huku roka zote mbili zikiwa zimelegea. Fito mbili zitie alama ya juu na chini, ingizo na toleo, zirudi mahali pake.

Silinda ya CG ina kipenyo cha milimita 56.5, na pistoni inasafiri milimita 49.5. Ipeleke kwa fundi wa kukereza mwenye geji ya ndani, apime juu, katikati na chini, kwa pande mbili. Ikiwa imelika zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita, au ina michirizi inayokwama kucha, itapanuliwa. Pistoni za saizi ya juu hupanda kwa hatua ya robo milimita: 0.25, 0.50, 0.75, 1.00. Nunua pistoni kwanza, mpelekee fundi pamoja na silinda, apanue kwa kuifuata. Wapo wanaopanua kwanza kisha wanasaka pistoni, na hapo injini huishia kugonga tangu siku ya kwanza.

Valvu zijaribiwe kwa petroli. Geuza hedi, mimina petroli kwenye njia ya kuingilia na ya kutokea, subiri dakika tano. Ikivuja kwenye kitako, saga valvu kwa dawa ya kusagia mpaka kipete cha kijivu kionekane mfululizo, kisha uoshe kama unaosha vyombo vya mtoto mchanga. Dawa ile ikibaki ndani itasaga na silinda pia.

Hakuna chujio la oili la kubadilisha kwenye injini hii. Kuna wavu, na kuna kikombe kinachozunguka kwenye ncha ya krenki, nyuma ya kifuniko cha kulia, kinachotupa uchafu pembeni kwa mzunguko. Katika injini ya baba mdogo kikombe kile kilikuwa kimejaa tope gumu kama lami. Kusafisha ni robo saa, na karibu hakuna fundi wa mtaani anayekigusa.

Wakati wa kurudisha: gasketi mpya, nati za hedi zikazwe kwa msalaba na kwa awamu, kwa toku ya kitabu cha mtengenezaji. Mwisho weka nafasi ya valvu, injini ikiwa baridi: milimita 0.08 kwa zote mbili. Fila geji iteleze kwa ugumu mdogo, kama unavuta noti iliyobanwa kati ya kurasa za kitabu.

Hatua ya 7: Dukani, usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi, muuzaji atakuuliza "ya Toyo au ya Sanlg?", akimaanisha chapa za bodaboda za Kichina. Jibu kwa vipimo. Injini za Kichina zina namba inayosomeka: 156FMI maana yake silinda moja, kipenyo cha kama milimita 56, F ya kupozwa kwa upepo, M ya pikipiki, I ya daraja la 125. Ukiona 162FMJ, hiyo ni ya 150 na pistoni yake ina milimita 62. Usikubali ukiambiwa "inaingia tu, unakwangua kidogo".

Kwa uzoefu wangu, gasketi za hedi na silinda, sahani za klachi, kebo na fito za 125 huingia vizuri. Flaiwili na koili zake ndizo za kutilia shaka, maana mwinamo wa ncha ya krenki na mahali pa ufunguo (kipande cha chuma kinachoishikilia flaiwili) hutofautiana. Beba ya zamani mkononi, ulinganishe kaunta, na mkubaliane kurudisha kabla ya kulipa. Beringi usinunue kwa jina la pikipiki. Soma namba iliyoandikwa pembeni yake: 6301 ina tundu la milimita 12 na mzingo wa nje wa 37, iwe ya Honda au ya mashine ya kusaga, na yenye herufi 2RS imezibwa pande zote mbili dhidi ya vumbi. Kwa vitu ambavyo uhai wako unavitegemea, yaani breki, cheni na beringi za magurudumu, lipa zaidi.

Hatua ya 8: Umeme

CG za mwanzo zina volti 6, na taa yake usiku ni kama kibatari. Ukihamia volti 12, badilisha koili za kuchajia, regyuleta, betri, balbu zote, honi na flasha kwa pamoja. Kubadilisha betri peke yake ni kuunguza balbu na kuiacha betri na njaa.

Kwenye Honda waya wa kijani ndiyo hasi. Mafundi wengi wa majumbani hudhani nyeusi ndiyo hasi, kumbe nyeusi ya Honda ni chanya inayotoka kwenye swichi. Nyekundu inatoka kwenye betri. Karibu nusu ya "umeme umekufa" niliyowahi kuikuta ilikuwa kijani kilichoshika kutu pale kinapofungwa kwenye fremu. Kwaruza mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi. Weka fyuzi karibu na betri.

Hatua ya 9: Magurudumu na breki

Breki za dramu za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Vumbi lake usilipulize kwa pampu wala mdomo. Lifute kwa kitambaa chenye maji, kitambaa kitupwe kwenye mfuko uliofungwa. Gonga spoku moja moja kwa bisibisi: zote zilie karibu sawa, inayotoa sauti ya mbao imelegea. Tairi hata likiwa na meno yote, soma umri wake kwenye tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka lilipotengenezwa. Langu lilikuwa halina hata hizo tarakimu nne. Nililigeuza bembea ya watoto.

Mafuta ya foki yabadilishwe na sili ziwekwe mpya, cheni na sproketi zibadilishwe zote tatu kwa mpigo.

Hatua ya 10: Kuibadilisha

Sasa ndipo starehe ilipo, na ndipo pikipiki nyingi zinapoharibiwa. Mtindo wa kafe resa, usukani wa chini na siti ya nundu, ulianza Uingereza miaka ya 1950 na 1960, vijana wakikimbizana kati ya mikahawa kama Ace Cafe ya London. Unapendeza sana pichani. Kwenye barabara yenye matuta kila mita mia mbili, viganja na kiuno vitakusimulia. Mimi nilikwenda upande wa skrambla: usukani mpana ulioinuka, matairi ya meno, madigadi mafupi. Ringi ya mbele ya pikipiki yangu ni ya inchi 18, na tairi za meno za saizi hiyo zipo kila duka la bodaboda.

Fremu usiikate mwaka wa kwanza. Kila badiliko langu lilifungwa kwa boliti, na vya asili vyote vimo kwenye gunia darini. Ukilazimika kukata nyuma ya siti, acha palepale mirija ya shokapu inapoungana, uchomelee kitanzi cha bomba kufunga ncha. Bila kitanzi fremu hufunguka kama mkasi.

Mabadiliko yenye faida kubwa ni sproketi. Tuseme una meno 15 mbele na 40 nyuma, uwiano ni 2.67. Weka 14 mbele unapata 2.86: nguvu ya kupanda mlima wa Lushoto inaongezeka kama asilimia 7, na mwendo wa mwisho unapungua kwa kiasi hichohicho. Sproketi ya mbele ni ya bei ndogo na unaifunga kwa nusu saa. Ekzosi iliyotobolewa, kwa upande wake, inakupa kelele, trafiki, na mchanganyiko wenye petroli chache kama hukubadilisha jeti. Sioni faida.

Hatua ya 11: Rangi, sasa ndiyo

Futa mpaka chuma, puti nyembamba, praima, msasa wa maji, rangi. Rangi ya kopo la kupuliza huyeyuka petroli ikimwagika, hivyo juu ya tangi weka vanishi ya kuchanganya na kigumishi, na kwa hiyo vaa barakoa ya kemikali yenye vichujio. Ile ya kitambaa haizuii sumu yake. Kwa tulio pwani, piga wakati wa kaskazi, saa nne asubuhi baada ya umande kukauka. Ukipiga jioni yenye unyevu, vanishi itaota ukungu mweupe kama maziwa.

Hatua ya 12: Kilomita za kwanza

Breki kwanza, kwenye uwanja mtupu, kwa mwendo wa miguu. Kisha bima, helmeti, na barabara. Kama umeweka pistoni mpya, badilisha mwendo mara kwa mara, usiivute mpaka mwisho, usiibebeshe abiria mlimani. Oili ya kwanza imwage baada ya kilomita 50 au 100, utaikuta na unga wa chuma. Baada ya hapo badilisha kila kilomita 1,000, kwa kuwa lita moja isiyo na chujio huchoka haraka. Kwenye kilomita 500 kaza boliti zote upya na upime tena ile 0.08 ya valvu, maana gasketi mpya hukaa na nafasi hubadilika.

Niliipeleka Muheza siku ilipotimiza kilomita hizo 500. Baba mdogo aliizunguka mara mbili, akapiga kiki moja, ikawaka. Akaizima. Akaniuliza siti ya zamani iko wapi, nikamwambia iko darini ndani ya gunia. "Ilete," akasema. "Tangu uichukue, tetea wangu anataga vichakani."